Wiki ya Kujaribu Bila Kusakinisha

Fundi Selemani alizikwa Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kwenye mikeka tukisubiri wanaume warudi kutoka makaburini, na mimi nikajikuta nimekaa chini ya rafu yake ya vifaa. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Makopo ya maziwa yamejaa skrubu, nyaya zimefungwa kwa mipira ya baiskeli, na kwenye msumari, kwa kamba ya kiatu, ilining'inia flashi nyekundu ambayo ningeitambua hata gizani. Niliitazama muda mrefu kuliko nilivyowatazama wafiwa, na ndipo nikasikia mkono begani. Alikuwa Rehema. Sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na kitu, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejitahidi nisimwone. "Kabula," alisema, "bado unakaa kama mtu aliyeitwa ofisini." Nikamwamkia shikamoo dada, akaitikia marahaba, akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akaniambia kompyuta ya duka lake Mikumi imegoma kufunguka tangu Jumapili, na fundi wake ndiye huyo aliyepelekwa makaburini. "Kesho twende wote. Na usiniambie una haraka. Haraka gani hiyo, miaka yote hii?" Mjane wa Fundi alisikia, akanyanyuka taratibu, akaitoa ile flashi kwenye msumari na kunikabidhi.

Mwaka nilipokutana na Fundi na Rehema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimetoka Kisanga kuja Kilosa kujifunza kazi ambayo kwetu hakuna aliyejua jina lake. Nilipanga chumba nyuma ya stesheni. Dirisha lake lilikuwa dogo kiasi kwamba jua liliingia kwa nusu saa tu, likapiga ndoo, likaondoka. Asubuhi nilikwenda kwa Fundi Selemani, ambaye karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, pamejaa televisheni zilizofunguliwa migongo na redio za watu waliokwishazisahau. Babu yake alikuja kukata mkonge, baba yake akatengeneza mashine za mkonge, na yeye akaendelea na chochote kilichokuwa na waya. Mchana mkewe alituletea ugali na mlenda, siku za bahati na perege, tukala kwenye sinia moja baada ya kusogeza pasi ya kulehemu. Hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Ukikosea alikaa kimya hadi ujue mwenyewe, na kimya chake kilikuwa kinachosha kuliko kufokewa. Nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuniuliza kwa nini mwanamke anataka kushika bisibisi.

Wakati ule Kilosa nzima kompyuta ikiumwa watu walisema "ipigwe windo", yaani iwekewe Windows upya, na kweli kila fundi alikuwa na sahani ya kupigia windo. Fundi Selemani alikuwa na hiyo flashi nyekundu. Ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama hiyo windo, na uzuri wake ni kwamba ukiichomeka na kuwasha mashine, mashine iliamka kwa kutumia flashi, bila kugusa kilichomo ndani. Ungeweza kuandika, kusikiliza muziki, kujaribu printa, kila kitu. Ukizima na kuchomoa, mashine inabaki kama ilivyokuwa, na yale yote uliyofanya yanapotea, isipokuwa ulichohifadhi kwenye flashi nyingine. Kusakinisha kulikuja baadaye, kama kulikuja. Mafundi wengine walijaribu kwa dakika tano, wakaona picha imetokea kwenye kioo, wakasakinisha. Fundi Selemani alikuwa na utaratibu wake uliowaudhi wateja: yule atakayeitumia mashine lazima aifanyie kazi wiki nzima kutoka kwenye flashi. Akiipenda, inasakinishwa. Akiichukia, inachomolewa na hakuna aliyepoteza chochote. "Mimi siwezi kuijaribu," alisema. "Mimi siye ninayeandika barua."

Kazi kubwa ya mwaka ule ilitoka kwenye shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji, ambayo nitaiacha bila jina. Walipata kompyuta kumi na mbili zilizotumika Ulaya, ile ya ng'ambo, siyo kijiji chetu cha Ulaya, njia ya kwenda Mikumi, na zote zilikuja tupu. Mkuu wa shule hakuwa na imani nasi. Alitaka kitu anachokijua, na alikubali jaribio kwa sababu tu Fundi alikuwa amemtengenezea redio ya mama yake. Alisema wazi: kasoro moja tu, tunafungasha. Basi Fundi akabaki darasani na zile kumi na moja, na ya kumi na mbili tukaiweka ofisini kwa katibu muhtasi, ili aifanyie kazi wiki moja. Mimi nikapewa jukumu la kuiwasha kila asubuhi na kumsaidia akikwama. Katibu huyo ndiye Rehema.

Ofisi yake ilikuwa na meza mbili, kabati la mafaili lisilofungika na mashine ya kunakili iliyomeza karatasi kila ilipojisikia. Kila zilipokwama alizivuta zimekunjamana, akazirundika kwenye boksi mlangoni. Alikuwa amenizidi miaka sita. Alichapa bila kutazama vidole, huku akinihadithia habari za mchumba wake, dereva wa magari ya mizigo, na za kitambaa alichokwishakichagua kwa ajili ya sare ya harusi. Saa nne alitoa chupa ya chai yenye tangawizi na maandazi mawili, akanipa lililo kubwa. Nimekaa kwenye ofisi nyingi tangu hapo, nyingine zina viyoyozi, na sijawahi kukaribishwa mahali kama nilivyokaribishwa kwenye kile kiti kilichopungua mguu.

Mashine ile ilikuwa na ugonjwa mmoja mdogo. Betri ya ndani, ile ndogo ya duara inayotunza saa, ilikuwa imekufa, na kila ikiamka ilidhani tuko mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Fundi akaniambia, "Kila asubuhi weka tarehe na saa." Jumatatu ya kwanza nikakaa mbele ya kioo, nikaweka tarehe, nikafika kwenye saa. Simu yangu nilikuwa nimeiacha chumbani inachajiwa. Nikauliza, "Dada, saa ngapi?" Rehema akatazama saa yake ya mkononi, akajibu kama mtu yeyote angejibu: "Saa mbili na robo." Nikaandika mbili, nikaandika kumi na tano. Simu ingekuwa mkononi ningeona nane na kumi na tano, ningesoma saa mbili na robo kama tunavyosoma wote, na mkono wangu ungeandika nane. Lakini kusoma ni kitu kimoja na kuandika ni kingine. Mashine iliniuliza saa, nikaipa ile niliyoisikia. Jumanne nikauliza tena, nikajibiwa tena, nikaandika tena. Wiki nzima ikaenda hivyo, na kwenye kona ya kioo saa ilikuwa ikitembea vizuri kabisa, saa tatu, saa nne, chai, saa nane, mkuu ametoka kula. Sikuona kasoro kwa sababu ilisema tulichokuwa tukisema.

Jumatatu iliyofuata kidato cha tatu walifanya mtihani wa hesabu, na kabla ya saa sita mwalimu wao alikuta maswali yote yamenakiliwa ndani ya daftari la mwanafunzi mmoja, pamoja na majibu. Mtihani ulikuwa umechapwa na Rehema Jumatano. Mkuu wa shule akachukua flashi ambayo Rehema alikuwa akihifadhia kazi, akaifungua kwenye kompyuta mpakato yake mwenyewe, na humo akakuta faili la mtihani linasema limehifadhiwa saa nane na nusu usiku. Akamwita. Mimi nilikuwa kwenye ukumbi wa nje nimeshika waya wa printa, nikasikia kila neno. "Ulikuwa unafanya nini ofisini saa nane usiku?" "Sikuwepo, mkuu. Nilichapa asubuhi." "Mashine inadanganya?" Rehema akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu, na kwa miaka mingi nilikielewa vibaya. Alipotoka alinipita akanitazama usoni, siyo kwa hasira, akachukua chupa yake ya chai na kwenda zake. Aliambiwa asionekane shuleni hadi kikao cha bodi.

Mchana ule nilikula jikoni kwa Mama Chausiku, mpishi wa shule, ambaye alinipa makande na benchi. Ndiko nilikojua habari inavyoota miguu. Mlinzi alikuwa ameketi mlangoni akiapa kwamba hakuna mtu aliyepita getini. "Basi ulikuwa umelala," Mama Chausiku akamwambia. "Mama, sijalala." "Hujalala, na mtu ameingia saa nane usiku akachapa mtihani mzima?" Mwanamke mwingine aliyekuwa akichambua maharage akadakia, "Na sidhani kama alikuwa peke yake. Mwanamke gani anakwenda ofisini saa nane usiku kuchapa hesabu?" Wakacheka. Nilikuwa nimeinua kijiko. Nikasikia ile saa nane na nusu ikizunguka kichwani, nikaondoa sita, ikabaki mbili na nusu, na kijiko nikakirudisha bakulini. Jumatano saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimekaa kando yake. Nilikuwa nimemshikia karatasi ya maswali ili asome.

Ningeweza kunyanyuka pale pale. Ofisi ya mkuu ilikuwa hatua hamsini. Sikunyanyuka. Nilimaliza chakula, nikaosha bakuli, nikarudi darasani kumshikia Fundi taa. Nilijiambia kwamba nikisema, mkuu atasema hiyo ndiyo kasoro, mashine kumi na mbili zitarudi kwenye maboksi, Fundi atakosa kazi kwa ajili yangu, na mimi nitarudi Kisanga kuwaambia watu kwamba nimeshindwa kuweka saa. Nilijiambia pia kwamba Rehema ni mtu mzima, atajitetea, bodi itaona. Niliogopa, hilo ndilo neno lake, mengine yote ni mapambo. Jumatatu ikapita. Jumanne nikaingia ofisini, nikaikuta mashine imezimwa na kiti chake kitupu, nikapangusa vumbi mahali pasipo na vumbi.

Jumanne jioni nilimwambia Fundi. Alikuwa analehemu spika, hakuinua uso. Nilieleza yote, kuanzia saa ya mkononi hadi makande. Akamaliza kulehemu, akapuliza, akaweka pasi chini. "Umemwambia nani mwingine?" "Sijamwambia mtu." "Basi hujasema bado." Nikamwambia kazi itapotea. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kazi gani, Kabula? Tuliiweka ile mashine pale tuone kama ina makosa. Tumeyaona. Yako hapa," akanigusa paji la uso kwa kidole kilichonuka risasi ya kulehemu. "Kesho asubuhi unakwenda wewe. Mimi nitakuwa nje."

Jumatano asubuhi nikabisha hodi kwa mkuu wa shule. "Shikamoo, mkuu." "Marahaba. Sema haraka." Nikamwomba afungue flashi ya Rehema atafute barua ya bodi, ile ambayo yeye mwenyewe alimsomea Rehema aichape, wiki iliyopita Jumanne. Akauliza inahusu nini. Nikasema naomba tu atazame imehifadhiwa saa ngapi. Akatafuta, akasoma kwa sauti: "Saa mbili na dakika arobaini asubuhi." Akaendelea kutazama kioo. "Jumanne asubuhi muda huo nilikuwa kidato cha nne, nafundisha Jiografia." "Ndiyo, mkuu. Barua ulimsomea mchana, ulikuwa umetoka kula. Ulikuwa na kijiti cha meno." Hapo akaacha kutazama kioo akanitazama mimi, na nikamweleza. Nikamwonyesha kwamba ndani ya flashi nzima hakuna faili hata moja la mchana, kana kwamba Rehema alikuwa akianza kazi saa nane za usiku na kuondoka saa nne asubuhi, siku tano mfululizo. Nikasema saa niliweka mimi, na niliweka kwa kusikia: niliambiwa saa mbili nikaandika mbili badala ya nane, mashine ikadhani ni usiku. Maneno yalitoka kwa mpangilio wake.

Akavua miwani na kusema, "Nimemwita mtu mwizi kwa sababu ya tofauti ya saa sita." Hakutufukuza. Alimtuma mwalimu mmoja na barua ya kuomba radhi nyumbani kwa Rehema, na mwalimu akarudi na barua ile ile. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwambia kwamba Rehema ameondoka na basi la asubuhi kwenda Mikumi, na godoro lake juu. Tulisakinisha mashine zote kumi na mbili. Wiki mbili baadaye nilikuwa jikoni, nikamwona Mama Chausiku akiwasha moto kwa karatasi zilizokunjamana kutoka kwenye lile boksi la ofisini, na wanafunzi wa zamu ya kuni wakichuchumaa kando yake huku wakizisoma. Mtihani ulikuwa umevujia hapo, mchana kweupe. Nilikwenda kumwambia mkuu siku hiyo hiyo, sikusubiri chakula kiishe. Barua ya pili ilikwenda Mikumi. Rehema akajibu kwa mstari mmoja kwamba anashukuru na ameshapata shughuli nyingine.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani Alhamisi, kesho yake ya maziko, tulipofika Mikumi. Duka lake liko kando ya barabara kuu, malori yanapita hadi rafu zinatikisika, na harufu ya nyama choma ya jirani inaingia bila hodi. Anachapa, ananakili, anapiga picha za pasipoti. Binti yake wa darasa la sita aliniamkia, akatumwa sukari. Nikachomeka flashi nyekundu, nikawasha. Mashine ikaanza kuamka kwa uvivu, maana ni mzee na flashi nayo ni mzee. Nikamwambia, "Tujaribu kwanza. Tukiona diski ya ndani ni nzima ndiyo tutasakinisha." Akasema, "Najua. Fundi alikuja hapa mwaka ule ule, akaniwekea wiki nzima, akakataa kusakinisha hadi nimwambie nimeipenda." Sikuwa nimejua. Miaka yote niliyokaa naye, hakuwahi kuniambia kwamba alikwenda.

Tulikuwa tunasubiri, kioo kikiwa bado cheusi, nikaona nikikaa kimya tena nitakaa kimya hadi nife. Nikasema, "Dada, ile saa niliiweka mimi." "Najua," akasema. "Mkuu alikuandikia," nikasema. "Nilijua kabla ya mkuu. Nilijua Jumatatu ile ya kwanza. Nilitazama kwenye kona nikaona mbili na kumi na tano, nikacheka moyoni. Nikasema hii ndiyo mashine ya kwanza kutaja saa kama mama yangu. Nikaiacha." Akamimina chai, ya tangawizi. "Mkuu aliponiuliza kama mashine inadanganya, nilikuwa na jina lako mdomoni. Nikaona ningesema mimi, ungefukuzwa kabla hujafungua mdomo, na bado wangesema natafuta pa kujifichia. Ilibidi useme wewe. Nikakungoja."

Nikauliza, ingawa nilijua jibu, alinisubiri hadi lini. "Jumatatu. Jumanne. Jumanne jioni ndugu za mchumba wangu walikuja. Walikuwa wamesikia saa nane usiku, hawakutaka kusikia kingine. Nikafungasha." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja vituo vya basi. Jumanne jioni. Nilikuwa kwa Fundi saa hiyo, nasimulia, nangoja asubuhi. Nikalia. Nililia palepale dukani mbele ya picha za pasipoti za watu, na Rehema hakunizuia wala hakuniambia yamekwisha. Aliniachia nafasi. Kisha akasukuma kikombe hadi kikagusa mkono wangu. "Nimepata mume mwingine na watoto watatu," alisema. "Lakini nilikungoja, Kabula. Hilo nilitaka ulijue."

Kioo kikawaka. Linux ikatokea na rangi zake za zamani, diski ya ndani ikaonekana, barua zake na picha za wateja wote zikiwa salama. Kwenye kona mashine ilikuwa inadhani ni mwaka mwingine kabisa. "Betri ya ndani imekufa," nikasema. "Ilikufa zamani," alijibu. "Fundi alitaka kuibadilisha, nikamkatalia. Kila asubuhi naiwekea saa ile tunayotaja." Akanisogezea kibodi. Nikaweka tarehe, nikafika kwenye saa, vidole vikasimama. Simu yangu ilikuwa mezani, karibu tu, kioo kikitazama juu. Sikuitazama.

"Dada," nikasema, "saa ngapi?"

Rehema akainua mkono, akatazama saa yake. "Saa nne na dakika ishirini."

Nikaandika nne, nikaandika ishirini.